Leonard Cheshire: Shujaa wa Vita na Mtihani wa Wema

Hujafa hujaumbika, walisema wahenga. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu mzima wa viungo asije akamcheka mwenzake mwenye kasoro ya mwili, kwani hajui kesho itamletea nini. Ni watu wachache ambao maisha yao yameithibitisha kwa ukamilifu kama alivyoithibitisha Mwingereza Leonard Cheshire. Mtu huyu alikuwa rubani wa ndege za mabomu aliyetunukiwa nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwake. Baada ya vita aliiacha kazi ya kubomoa, akaishika kazi ya kuuguza, na mwishowe aliiaga dunia akiwa amedhoofika viungo kama wale aliowatumikia kwa miaka 44.

Hapa Kenya jina la Cheshire si geni. Wakazi wa Limuru wanayajua makao ya wasichana wenye ulemavu yanayoitwa kwa jina hilo, na wakazi wa Kariobangi, Nairobi, wanayajua makao ya wazee. Hata hivyo, si ajabu mwanafunzi kulipita bango la makao hayo kila siku bila kufahamu kwamba hilo lilikuwa jina la mja aliyekula, akalala, akaugua na kukosea kama sisi. Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha yake kwa muhtasari. Nia si kumsifu tu, bali pia kuliuliza swali ambalo maisha hayo yanatuachia: wema wa mtu hupimwa kwa kipimo gani?

Leonard Cheshire alizaliwa tarehe 7 Septemba 1917 katika mji wa Chester, Uingereza, akalelewa karibu na Oxford. Baba yake, Geoffrey Cheshire, alikuwa mwanazuoni mashuhuri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Oxford, na kijana naye alisomea sheria katika chuo hicho hicho, tawi la Merton. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alipenda magari ya kasi, anasa na sifa, na kilichomvutia kwenye kikosi cha marubani wa chuoni kilikuwa raha ya kuruka kuliko uzalendo. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1939, aliingia katika jeshi la wanahewa akiwa na umri wa miaka 22.

Vitani tabia yake ilipata mahali pake. Usiku mmoja wa Novemba 1940, akiwa juu ya mji wa Cologne, Ujerumani, ndege yake ilipigwa, fataki ya mwangaza ikalipuka ndani yake na kulipasua bodi upande mmoja. Kijana aliyeendesha redio aliungua vibaya. Cheshire aliishikilia ndege hiyo iliyotoboka, akairejesha nyumbani na watu wake wote wakiwa hai. Kwa tendo hilo alipewa nishani, na jina lake likaanza kuvuma. Mwaka wa 1943 alichapisha kitabu kuhusu maisha ya rubani wa mabomu. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 25, alipandishwa cheo hadi kile kinacholingana na kanali, akawa miongoni mwa vijana kabisa waliowahi kukishika katika jeshi hilo.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililowashangaza wengi. Cheo kikubwa kilimaanisha kukaa ofisini, ilhali wenzake walikuwa wakifa angani kila usiku. Yafaa tukumbuke kwamba kati ya watu wapatao 125,000 waliohudumu katika ndege za mabomu za Uingereza katika vita hivyo, 55,573 waliuawa. Cheshire aliomba ashushwe cheo ili arudi kuruka, akapewa uongozi wa Kikosi cha 617, kikosi kilichokuwa kimepata umaarufu kwa kuyabomoa mabwawa ya Ujerumani.

Akiwa na kikosi hicho alibuni mbinu ya kuruka chini sana ili kuiwekea alama shabaha, ndege nyingine zilizo juu zipate kulenga barabara. Mbinu hii ilimweka yeye hatarini zaidi, lakini ilipunguza mabomu yaliyoangukia makazi ya watu. Mnamo Februari 1944 kikosi kilitumwa kukibomoa kiwanda cha injini za ndege huko Limoges, Ufaransa, nchi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Wafanyakazi wa kiwanda hicho walikuwa Wafaransa, wengi wao wanawake. Kabla ya kuweka alama, Cheshire alipita mara tatu chini chini juu ya paa la kiwanda ili kuwaonya watoke na kukimbilia usalama. Naam, adui naye alikuwa akionywa kwa kitendo hicho hicho. Huyu ndiye mtu yule yule ambaye miaka michache kabla alipenda sifa na magari ya kasi.

Alipoondolewa vitani Julai 1944 alikuwa ametimiza safari mia moja za mapigano. Mwezi Septemba alitunukiwa Victoria Cross. Nishani hiyo kwa kawaida hutolewa kwa tendo moja la ujasiri. Yeye alipewa kwa ujasiri wa miaka minne mfululizo.

Tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa angani tena, safari hii akiwa mtazamaji tu. Serikali ya Uingereza ilimteua yeye pamoja na mwanasayansi William Penney washuhudie bomu la atomiki likiangushwa Nagasaki, Japani. Ndege yao ilikosa kukutana na nyingine mahali palipopangwa, hivyo waliliona wingu lile la kutisha kutoka mbali. Chini ya wingu hilo makumi ya maelfu ya watu yalikuwa yakiangamia.

Wasimulizi wengi hupenda kuishia hapo: wingu lilipanda, rubani akatubu, akawa mtu wa huruma. Hadithi ya aina hiyo ni tamu darasani, lakini ina kasoro moja kubwa: sivyo ilivyokuwa. Cheshire hakuwahi kulikana bomu lile. Kwa miaka yake yote iliyosalia alishikilia kwamba lilivikomesha vita ambavyo vingeendelea kuua wengi zaidi. Kilichombadilisha hakikuwa tukio la dakika moja bali miaka mitatu ya kuyumba, kufilisika na kuugua. Nawasihi walimu wenzangu wayatilie mkazo hayo, maana wanafunzi wetu wakiaminishwa kwamba wema huja kama radi, watakaa wakiingoja radi hiyo mpaka uzeeni.

Mapema mwaka wa 1946 aliachishwa kazi jeshini kwa sababu za afya ya akili. Alikuwa ameoa wakati wa vita, lakini ndoa hiyo haikudumu. Kote duniani askari walikuwa wakirejea makwao wasijue washike lipi. Wazee wetu waliotoka Burma na kikosi cha K.A.R. waliijua vyema hali hiyo, tena wao hawakuwa na jumba la shangazi la kukimbilia. Cheshire alikuwa nalo. Alianzisha jumuiya ya askari waliostaafu na jamaa zao, wapate kuishi pamoja, kulima na kujifunza kazi za mikono. Jumuiya hiyo ilihamia hatimaye kwenye jumba kubwa liitwalo Le Court, katika jimbo la Hampshire, alilolinunua kutoka kwa shangazi yake. Wazo lilikuwa jema, lakini utekelezaji ulikuwa mbovu. Watu waligombana, fedha zikatoweka, na kiongozi mwenyewe akaugua na kwenda Kanada kupumzika. Aliporudi, jumuiya ilikuwa imevunjika. Alibaki na jumba tupu na deni.

Ni katika hali hiyo ya kushindwa, mwaka wa 1948, ndipo alipopata habari za Arthur Dykes. Mtu huyu alikuwa mmoja wa waliokaa katika jumuiya ile, mchungaji wa nguruwe. Alikuwa hospitalini akiugua saratani isiyo na tiba, na hospitali ilikihitaji kitanda chake. Hakuwa na jamaa wa kumpokea, wala hakuwa ameambiwa kwamba anakufa. Cheshire ndiye aliyemweleza ukweli huo, kisha akamchukua hadi Le Court kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumchukua.

Msomaji na alitafakari jambo hilo. Shujaa aliyezoea kuamrisha vikosi sasa alikuwa akipika uji, akifua mashuka na kumgeuza mgonjwa kitandani usiku. Hakuwa na mafunzo ya uuguzi. Hakuwa na shirika, bajeti, wala ripoti ya kuwapelekea wafadhili. Alikuwa na mgonjwa mmoja tu. Dykes alifariki mwezi Agosti mwaka huo, lakini kabla ya kufa kwake mgonjwa wa pili, ajuza wa miaka zaidi ya tisini, alikuwa tayari ameombewa nafasi. Wengine wakafuata. Habari zilienea kwamba kuna nyumba isiyomfukuza mtu, na wengi waliofika walikuwa vijana wenye ulemavu ambao, kwa kukosa mahali pengine, walikuwa wamelazwa katika wodi za vikongwe. Mkesha wa Krismasi mwaka wa 1948 Cheshire alijiunga na Kanisa Katoliki, imani ambayo Dykes naye alizaliwa ndani yake.

Mwaka wa 1952 zamu ya kulazwa ilimfikia yeye. Alishikwa na kifua kikuu, akakaa hospitalini zaidi ya miaka miwili na kufanyiwa upasuaji mara kadhaa. Ajabu ni kwamba makao mapya yaliendelea kufunguliwa akiwa kitandani, kwa juhudi za watu wa kila mahali waliounda kamati na kutafuta majengo. Hapo alijifunza somo ambalo waanzilishi wengi hawalijui hadi kaburini: kazi njema huweza kwenda bila mwenyewe kuishika usukani kila saa.

Somo hilo alilibeba alipovuka bahari. Mwishoni mwa mwaka wa 1955 alifika India, na mwaka uliofuata makao ya kwanza ya nje ya Uingereza yakafunguliwa Andheri, kandokando ya mji wa Bombay, ambao leo huitwa Mumbai. Baadaye huko Dehra Dun, chini ya milima ya Himalaya, yakaanzishwa makao makubwa yaliyowapokea watu wenye ukoma, watoto mayatima na wenye ulemavu wa akili. Kazi hii aliifanya pamoja na Sue Ryder, mwanamke aliyehudumu vitani na baada ya vita akajitolea kuwasaidia walionusurika katika kambi za mateso za Ulaya. Walioana Bombay mwezi Aprili 1959, wakajaliwa watoto wawili.

Kutoka India kazi ilienea Asia, Afrika na Amerika. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: kila makao yaendeshwe na kamati ya wenyeji, wenye kuijua lugha, dini na desturi za mahali. Kwa enzi ile, ambapo misaada mingi ilifika ikiwa na bwana wake kutoka ng'ambo, utaratibu huo ulikuwa wa busara. Alipofariki, kulikuwa na makao zaidi ya 200 katika nchi karibu hamsini, Kenya ikiwa miongoni mwazo.

Kama ningekomea hapa, makala haya yangekuwa tanzia kama tanzia nyingine. Lakini maisha ya Cheshire yana sura nyingine, ambayo haikuandikwa na yeye bali na mmoja wa wakazi wa Le Court.

Mwaka wa 1956 alihamia Le Court kijana aitwaye Paul Hunt, aliyekuwa na ugonjwa wa misuli tangu utotoni. Alikuta nyumba safi, chakula cha kutosha na wauguzi wenye nia njema. Alikuta pia kengele. Kulikuwa na saa ya kulazwa iliyoamuliwa na wengine, kanuni zilizotungwa na wengine, na hofu kwamba mkazi aliyebishana na wakubwa angeweza kuhamishwa. Watu wazima wenye akili timamu walikuwa wakipangiwa maisha kama watoto wa bweni. Hunt na wenzake walidai haki ya kuwa na sauti katika uendeshaji wa makao yao, wakakataliwa.

Wakazi hao hawakunyamaza. Waliomba watafiti waje kuichunguza hali yao, wakitumaini kwamba elimu ingekuwa upande wao. Watafiti walikuja miaka ya 1960, wakaandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1972, na kwa maoni ya Hunt waliusaidia uongozi kuliko kuwasaidia waliowaita. Sisi wa vyuo vikuu tunafaa kulitia tukio hilo akilini kila tunapoingia mitaani na hojaji zetu. Mwaka huo huo Hunt, aliyekuwa ameoa na kuondoka Le Court, aliliandikia gazeti la Guardian akiwaalika watu wenye ulemavu waungane. Muungano uliozaliwa kutokana na barua hiyo ulitoa mwaka wa 1976 hoja iliyobadilisha fikira za ulimwengu: kwamba kasoro ya kiungo ni jambo moja, na ulemavu ni jambo jingine. Mguu usiotembea ni kasoro ya mwili. Jengo lisilo na njia ya kiti cha magurudumu ni kazi ya jamii, na hilo ndilo linalomlemaza mtu. Hunt alifariki mwaka wa 1979 akiwa na miaka 42 tu.

Je, tuseme basi kwamba Cheshire alikosea? La hasha. Bila mlango aliomfungulia Dykes, Hunt na wenzake wangezeekea katika wodi za vikongwe, wametawanyika, wasijuane wala kusemezana. Lakini pia tusiseme kwamba kufungua mlango kulitosha. Anayekaribishwa ndani ataishi humo, na anayeishi humo ana haki ya kuuliza ni nani mwenye ufunguo.

Kama mwanaisimu sina budi kutaja jinsi lugha yetu inavyolidhihirisha suala hili. Kiswahili kinatupa vitenzi kutenda, kutendea na kutendana. Kauli ya kutendea humweka mmoja juu, mwenye mkono unaotoa, na mwingine chini, mwenye mkono unaopokea. Kauli ya kutendana huwaweka wote sawa. Kumtendea mtu wema si sawa na kutendeana wema, na kusaidia si sawa na kusaidiana. Misaada mingi ya kimataifa, ya wakati wa Cheshire na ya leo, imekwama katika kauli ya kwanza.

Hali kadhalika, tazama nomino zetu: kilema, kiwete, kipofu, kiziwi. Zote zimebeba kiambishi cha ngeli ya vitu, ingawa upatanisho wa sentensi huwarudishia watu hao utu wao, kwani kipofu huja, hakiji. Si bure kwamba matumizi ya sasa yanapendelea kusema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu asiyesikia. Baadhi ya wapenzi wa lugha huona kwamba huku ni kurefusha maneno pasipo haja. Wao na waisome Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Istilahi, kwa hivyo, si suala la wanaisimu peke yao. Limekuwa suala la sheria. Kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia tano ya wanachama wa asasi zinazochaguliwa na kuteuliwa ni watu wenye ulemavu. Hiyo ndiyo sauti ambayo wakazi wa Le Court waliililia.

Tumrejelee Cheshire katika miaka yake ya mwisho. Mwaka wa 1981 alitunukiwa nishani ya Order of Merit, na mwaka wa 1991 akaingizwa katika Bunge la Malodi. Alianzisha pia mfuko wa kuwasaidia waathiriwa wa majanga, akikusudia zipatikane pauni tano kwa kila mtu aliyeuawa katika vita vya karne ya ishirini. Tamasha kubwa la muziki liliandaliwa Berlin, palipokuwa na ule ukuta maarufu, mwezi Julai 1990, na mzee huyo wa miaka 72 akalifungua kwa kupuliza filimbi ya askari wa Vita vya Kwanza. Fedha zilizopatikana zilikuwa haba mno kuliko alivyotarajia. Alianza kwa kushindwa, na katika mradi wake mkubwa wa mwisho alishindwa tena. Lakini kati ya kushindwa huko kuwili maelfu walipata pa kulala.

Kisha ukaja ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, ugonjwa usio na tiba. Mikono iliyoiongoza ndege iliyopasuka juu ya Cologne ikakosa nguvu, na mwenye makao zaidi ya 200 naye akahitaji kiti cha magurudumu na watu wa kumhudumia. Aliaga dunia nyumbani kwake Cavendish, jimbo la Suffolk, tarehe 31 Julai 1992, akiwa na umri wa miaka 74. Mkewe alimfuata mwaka wa 2000.

Enyi walimu na wanafunzi, karibu kila shule yetu ina klabu ya kutembelea makao ya wazee, ya mayatima au ya wenye ulemavu. Huchangwa unga, sabuni na nguo kuukuu, zikapigwa picha, zikatolewa hotuba, basi likarudi. Hayo si mabaya, na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini safari ijayo, kabla ya kushusha magunia, ketini kwanza na wenyeji. Waulizeni wanapenda kuitwa vipi, ni nani anayeamua saa yao ya kulala, na kama shuleni kwenu wanaweza kuingia darasani bila kubebwa. Majibu yao huenda yasipendeze kwenye picha. Hata hivyo, wema usioweza kuvumilia majibu ya anayetendewa haujafika bado mahali ambapo Cheshire alianzia: kando ya kitanda cha mtu mmoja, mkiambizana ukweli.